Nyumba Isiyo na Sanamu

Mama yangu aliogopa nyumba moja tu pale Kismayu, ya Wakatoliki. Mimi niliogopa ile nyingine, ya Waprotestanti, na kwa hilo nikaitwa mwenye roho mbaya.

Siku zile za utawala wa Mtaliano tulikuwa tumehama kisiwa chetu cha Koyama, Mama akikaanga samaki na kuuza mlangoni. Kila Ijumaa, wanaume wetu wakiwa wameshavaa kanzu za kwenda msikitini, hapo ndipo alipokuja mpishi wa mapadri na kikapu chake. Siku nyingine humwoni. "Kwa nini Ijumaa?" Mama alikuwa akinong'ona. "Siku zote hizo wamezikosa? Wanatufanyia shere hawa." Mpishi alimweleza kwamba Mkatoliki hali nyama siku hiyo. Mama alimuuzia, lakini maneno hayakumwingia. Na mengine alikuwa nayo tele: kengele, mvinyo unaonywewa ndani ya sala yenyewe, yule mwanamke wa plasta aliyesimama na mwana mkononi, mapadri wasiooa upande huu na masista wasioolewa upande ule. "Watu wazima na akili zao!" alisema. "Kuna jambo hapo."

Basi dada yangu mkubwa alipotaka kujifunza cherehani kwa masista, Mama alikataa katakata. Dada alikuwa mjane. Mumewe alikufa maji akamwachia binti mdogo, na wakwe zake wa Koyama walikuwa wakimtaka yule mtoto. Sharia ilimwacha kwa mamake, maadamu mamake hajaolewa tena na hajatoka katika dini. Dada hakuwa na kingine duniani. Alitaka kushona ili asiwanyoshee mkono wakwe.

Kisha wakaja Waprotestanti, mtu na mkewe na watoto wao. Mke amefunika nywele, gauni mpaka chini. Kengele hawana, sanamu hawana, mvinyo hawagusi, na Ijumaa nyama wanakula kama kawaida. Mama alikwenda kuwakagua mpaka jikoni, akarudi uso umemkunjuka. "Hawa wachu wa kheri," alisema kwa Kibajuni chetu, maana mtu kwetu ni mchu. "Mchu asiye na sanamu atakupoteza kwa lipi?" Dada akaenda kushona.

Mimi nikasema, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mama akanifyonya.

Sikukubali. Nilimfuata Dada siku moja, nikakaa naye darasani. Jirani yetu aliyesoma kwa masista alikuwa ameniambia kwamba kule wanasali zao kwa Kilatini, wakimaliza wanakushikisha sindano, na hakuna anayekuuliza kitu. Hapa yule mama wa Kizungu alisoma kisa cha Injili kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kueleweka, akafunga kitabu, akamgeukia Dada taratibu. "Na wewe, moyoni mwako, unaonaje?"

Mtume! Dada, ambaye nyumbani haulizwi hata kama chumvi imekolea, aliinua uso. Sikupenda alivyouinua. Alijibu, akaulizwa tena, akajibu tena, na cherehani ilikaa bure mbele yake muda wote huo. Nilirudi nikamwambia Mama. "Wivu huo," alisema. "Wana sanamu? Hawana. Nyamaza."

Maneno yalifika Koyama. Sikuyapeleka mimi, wallahi. Baba mkwe wa Dada akaja na wazee wawili, wakaketi ukumbini kwetu bila kuvua makoti. Mama akaanza kuwatetea Waprotestanti wake: nywele zimefunikwa, ukuta mtupu, mvinyo hakuna.

"Hatukuja kuuliza kuta zao, bibi," baba mkwe alisema. "Tunamuuliza huyu." Akamgeukia Dada. "Mwanangu, tutamkie shahada, turudi zetu. Ukishindwa, mtoto tunakwenda naye."

Mtoto alikuwa amemlalia mamake mapajani, akichezea kishungi cha mtandio wake. Dada akanyamaza. Mwislamu huamka na shahada mdomoni, anafikiri nini? Alinyamaza mpaka Mama akamgusa bega. Kisha akaitamka, wazi, neno kwa neno, macho yake kwa mtoto. Wazee wakasema alhamdulillahi, wakanywa kahawa, wakaondoka. Mama alilia kwa furaha, akanikaripia mimi kwa fitina zangu.

Nilimkuta Dada uani akimwogesha mtoto. Nilishindwa kujizuia. "Dada, kile kimya kilikuwa cha nini?"

Hakugeuka. "Walitaka maneno, nimewapa. Mshike kichwa mwanangu, sabuni isimwingie machoni."

Nilimshika. Nilikuwa na hasira na hofu pamoja, na nilijua ninachokijua. Lakini wale wazee wangerudi saa ile kuniuliza mimi, ningeweka mkono juu ya msahafu na kuwaapia kwamba dada yangu ni Mwislamu kunishinda.