Bi Mdogo wa Gungu

Shemeji yangu Abdulkarimu ni mtu wa kunyoosha mambo. Hata akiletewa samaki, migebuka ya ziwani, hupanga vichwa upande mmoja kabla ya kula. Miaka ishirini na mitatu amekaa na mdogo wangu Asia hapa Ujiji, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Ndiyo maana nilimwona mnafiki kuliko wanafiki wote siku niliyomsikia akiongea na simu.

Nilikuwa uani kwao nachambua dagaa. Yeye yuko sebuleni, pazia tu limetutenga.

"Bi Mdogo jana nilimpiga," anasema, taratibu kabisa. "Leo katulia. Bi Kati nitampiga Jumamosi, amezidi uvivu. Bi Mkubwa simgusi, kazeeka yule, na tumetoka naye mbali."

Ungo wa dagaa ulinitoka mikononi. Wake watatu! Wawili anawapiga, na huyo wa kwanza, ambaye hawezi kuwa mwingine ila mdogo wangu, anamwita mzee!

Mimi Mwamini sina kifua cha kuweka siri, kila mtu anajua, na sioni haya. Adhuhuri haijafika Asia alikuwa ameshaambiwa yote. Nilitegemea kelele. Badala yake alianua kanga zake kambani, zingali mbichi, akaanza kuzikunja.

"Dada, kama ni kweli narudi Bangwe kwa mama," alisema. "Umri huu sigombanii mwanaume."

Roho iliniuma mpaka nikataka kuzimeza tena zile habari. Lakini zilishatoka, basi tukapanda bodaboda, hao Gungu, alikotangulia shemeji, kwenye kile alichokuwa akikiita ofisi tangu astaafu kazi bandarini. Asia alikuwa hajawahi kukanyaga.

Ilikuwa steshenari ya mlango mmoja, ya kuchapa na kutoa kopi. Nilimpita shemeji bila salamu, nikafunua pazia la nyuma. Rimu za karatasi na ndoo ya maji.

"Wako wapi?"

"Kina nani, shemeji?"

"Wake zako unaowapiga!"

Mwalimu Verediana, mteja pekee aliyekuwepo, aliacha kujaza fomu yake ili asikie vizuri. Shemeji alituangalia mmoja mmoja, kisha akanyoosha kidole ukutani. Kompyuta tatu za mezani, za mtumba, kila moja na meza yake na kitambaa chake cha kufuma. Juu ya kila moja kuna karatasi: Bi Mkubwa, Bi Kati, Bi Mdogo.

Alitueleza kwa subira ya mtu anayefundisha watoto. Kupiga ni kupiga windo, yaani kufuta mfumo uliochoka ndani ya kompyuta na kuweka mwingine. Bi Mkubwa ana mfumo wa zamani, ndio pekee unaoelewana na ile printa kubwa. Bi Kati ana mfumo mpya, wa kujazia watu maombi ya chuo mtandaoni. Bi Mdogo ana mfumo wa tatu, usioshikwa na virusi ovyo, kwa hiyo flashi zote za wateja zinaanzia kwake.

"Si uweke yote kwenye kompyuta moja?" nikamuuliza.

Alichukia kweli. "Shemeji! Wake watatu chumba kimoja?"

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Mwalimu naye alicheka. Asia hakucheka. Alipita akigusa vile vitambaa.

"Unajua nani kati ya hawa kaamka vibaya," alimwambia mumewe. "Mimi wiki iliyopita nilikuwa na homa siku tatu. Ulijua?"

Shemeji alianza kunyoosha kitambaa cha Bi Kati.

"Afadhali wangekuwa wanawake, ningejua pa kuanzia ugomvi. Zima twende nyumbani."

Kicheko kilinikauka. Nilimwonea huruma yule mtu, na nilimwonea hasira pia.

Alimzima Bi Mdogo. Akamzima Bi Kati. Kwa Bi Mkubwa mkono ulisita.

"Huyu hajazimwa tangu mwezi wa pili, Asia. Hata umeme ukikatika namshikilia kwa betri. Fundi kasema akizimwa haamki tena."

Asia alikuwa ameshasimama mlangoni na mkoba wake, anatazama barabara.

"Na fomu yangu je?" Mwalimu Verediana akauliza. Nilimfinya.

Shemeji alibonyeza. Feni ya ndani ililia kidogo, ikanyamaza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akatoka. Walipanda bodaboda moja, wawili nyuma ya dereva, Asia katikati, na mkono wa mumewe begani kwake. Mimi nikabaki na kufuli la duka alilonipa shemeji, mwalimu ananiuliza kama najua kuchapa.