Mwaka Baba Alipojenga Boti Mbale

Gundi ile ilinuka mpaka ndani ya chakula. Ilikuja katika makopo mawili, na Baba alichanganya ya kopo hili na ya kopo lile kwenye bakuli kuukuu la uji, akikoroga kwa kijiti, na harufu ikatoka uani, ikaingia jikoni, ikatukuta mezani. Mchuzi ulinuka gundi, sare zangu za shule zilinuka gundi, na mwalimu aliwahi kuniuliza mbele ya darasa kama kwetu tunatengeneza viatu. Hata leo nikipita karibu na karakana ya seremala, navuka barabara kabla sijajua kwa nini. Wengine wakisimulia utoto wao huanza na mahindi ya kuchoma na mvua ya kwanza, nami huwasikiliza kwa wivu. Utoto wangu unanuka gundi, na ndani ya harufu hiyo mna woga mtupu.

Tuliishi Mbale, katika nyumba za askari magereza, nami nilikuwa Praimari Siksi. Baba alitoka kaskazini, Mama ni Mgisu wa kijiji cha Busiu, na kwa kuwa hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, nyumba yetu iliongea Kiswahili, kile cha kambini, ambacho kazi yake kubwa ni kuamrisha. Kabla ya Mbale Baba alifanya kazi Jinja, mji wa kando ya ziwa. Kule, siku asipokuwa na zamu, alizoea kukaa ufukweni akitazama viboti vyenye matanga meupe, vya watu wenye nafasi zao, vikikata ziwa bila kelele ya injini. Alipohamishiwa Mbale, mji wenye mlima mzima na usio na maji ya kumtosha bata, ndipo hamu ya boti ikamshika sawasawa. Akaenda kwenye duka la kompyuta, akachapiwa michoro ya boti ndogo ya tanga, akaibandika kwenye ukuta wa sebule pale ilipokuwa picha ya harusi. Mama aliutazama ukuta huo, kisha akamwita Baba kwa jina langu mimi, binti yao wa kwanza.

“Baba Gresi, hapa iko mlima tu. Hiyo kitu utaendesha wapi?”

“Jinja,” akasema Baba, na akaomba chai.

Neno Jinja lilinitoa jasho. Nilikuwa nimeishi kule nikiwa mdogo, na kitu kimoja nilichoondoka nacho ni siku niliyomfuata Baba ufukweni kununua samaki tukakuta watu wamezunguka jambo. Walikuwa wamemtoa mtu majini. Uso wameufunika kwa gunia, lakini miguu ilibaki nje, ina matope kati ya vidole, na mguu mmoja ulikuwa bado umevaa kandambili. Baba hakuniziba macho. Alisimama tu, akanibana mkono mpaka ukauma, nami sikuthubutu kumwambia kwamba ananiumiza. Nilirudi nyumbani na swali ambalo lilinisumbua kwa miaka: ile kandambili ya pili iko wapi? Nilipolifikiria ziwa sikuona samaki wala mawimbi. Niliona kandambili zimejaa chini, kila moja inamngoja mwenyewe.

Boti ile haikupigwa misumari kama nilivyotarajia, ilishonwa. Michoro ilielekeza hivyo. Baba alikata plaiwudi kwa msumeno, akatoboa vitundu kwenye kingo, kisha akaunganisha ubao na ubao kwa vipande vya waya, nasi watoto tukisokota ncha za waya kwa koleo hadi mbao zikapinda na kukutana. Baadaye ndipo gundi ilipopakwa ndani ya maungio na waya zikatolewa. Mdogo wangu Joeli, aliyekuwa na miaka sita na asiyeogopa chochote chini ya jua, aliimba muda wote. Majirani wakipita uani walisimama, wakaangalia urefu wa kitu kile, wakauliza kwa adabu, “Afande, nani amekufa?” Baba alijibu kwamba jeneza halina usukani. Wao walicheka na kwenda zao, lakini mimi lile neno liliniganda rohoni, na tangu siku hiyo nikawa nasokota waya bila kuangalia ndani.

Bado nilikuwa na tumaini kwamba ataenda peke yake. Lakini mchoro wa mwisho ulionyesha watu wawili, mmoja nyuma ameshika usukani, mwingine katikati ameshika kamba ya tanga. Mama alisema wazi kwamba yeye ni mtu wa mlima na atakufa akiwa mtu wa mlima. Baba akatutazama sisi. Joeli akaruka juu na kupiga kelele, “Mimi, Baba! Mimi!” Na Baba, Mungu wangu, akaanza kumpima kwa macho kama anayefikiria jambo linalowezekana. Nilimwona Joeli yuko chini ya maji, amefumbua macho, bado anaimba. Nikasema, “Nitaenda mimi.” Sauti ilitoka nyembamba sana hata Baba akaniambia nirudie. Niliporudia nilikuwa nimeshajua kwamba nikiugua, nikilia, nikijificha kwa mama mdogo kule Busiu, nafasi yangu ataichukua Joeli. Kuanzia hapo njia ya chooni niliijua kuliko njia ya shule.

Boti ilipokamilika Baba aliipaka rangi ya kijani, ile ile ya milango ya nyumba za serikali, akaiweka uani juu ya matairi chakavu, akasimamisha mlingoti na kufunga tanga la turubai la buluu alilolishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Kisha akaanza kunifundisha kwa njia pekee aliyoijua, yaani gwaride. Kila jioni baada ya shule tulipanda boti hiyo juu ya nyasi. Akisema “Tayari!” mimi hujibu “Tayari, Afande!” Akisema “Geuza!” yeye husukuma usukani kuelekea lilipo tanga, nami huinama ili ule mti unaoshikilia tanga kwa chini upite juu ya kichwa changu, nikahamia upande wa pili na kuvuta kamba. Nikichelewa kuinama alinisukumia mti huo unigonge kisogo, kwa sababu, alisema, upepo haujui kuomba radhi. Askari wasio na zamu walileta viti vyao. Wapo waliotupungia mikono ya kwaheri, na mmoja alituletea maandazi ya safari. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilijifunza zoezi lile kwa bidii ambayo sikuwahi kuifanyia hesabu, kwa maana niliamini kosa moja tu ndilo litakalonitenga na Mama.

Likizo ilipofika, boti ilipakiwa imegeuzwa kifudifudi juu ya lori la ndizi lililokuwa likitoka Busiu kwenda Jinja. Mama alinikumbatia, na kilichoniogopesha zaidi ni kwamba alikuwa ameninunulia nguo mpya. Njia nzima watu walitupigia kelele. Bugembe, tulipokaribia Jinja na magari yakabanana, kijana mmoja wa kuuza soda alimwita Baba, “Mzee Nuhu! Mvua iko wapi?” na barabara nzima ikacheka. Baba alicheka pia. Niliona shingo yake imelowa jasho, nikajiambia ni joto la injini.

Ufukweni, mama mmoja aliyekuwa akianika mukene, wale samaki wadogo kama vipande vya bati, alimwangalia Baba kuanzia kichwani hadi miguuni. Baba alikuwa amevaa buti zake za kazi, zimeng'arishwa. “Bwana, toa buti,” akamwambia. “Buti nazamisha mutu.” Baba akavua. Sikuwahi kumwona peku mbele ya watu. Mimi alinifunga jerikeni mbili tupu za mafuta ya kupikia, moja kila kwapa, akakaza kamba mpaka nikashindwa kuvuta pumzi vizuri. Yeye hakujifunga kitu. “Hapana ogopa,” akasema. “Maji iko kitu gani?” Wala hakungoja jibu.

Mwanzoni ilikwenda kama kule uani, nami nusura nifurahi. Kisha tukapita ncha ya nchi kavu iliyokuwa imetukinga, upepo ukatupiga ubavuni, boti ikalala, na maji yakaingia, baridi, yakanifika magotini. Ufukwe ulikuwa nyuma yetu na ukizidi kuwa mdogo. Nilishika kamba nikasubiri “Tayari.” Haikuja. Nikageuka. Baba alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka. Macho yake yalikuwa kwenye maji yale ndani ya boti, na mikono yote miwili imeung'ang'ania usukani bila kuusukuma. Nimeogopa mambo mengi katika maisha yangu, na hakuna lililofikia kumwona baba yangu hivyo. Ziwa nilikuwa nimezoea kuliogopa. Woga wa Baba sikuwa nimejiandaa kuuona. Hapo sauti ilinitoka, si nyembamba tena, ni yake yeye, ya gwaride: “Tayari!”

Na Baba, askari wa miaka yote ile, akanyoosha mgongo. “Tayari, Afande!” akajibu.

“Geuza!”

Mkono wake ulisukuma usukani kuelekea tanga. Niliinama, mti ukapita, turubai likapiga kelele kama mlango uliofungwa na upepo, nikahamia upande wa pili na kuvuta kamba kwa nguvu zote, na ufukwe ukaja mbele yetu. Mbele ya boti ikagusa matope. Baba alikaa amezamisha miguu majini, kisha akaniuliza kama niliogopa. Nikasema hapana. “Hata mimi,” akasema. Halafu, akiangalia pembeni: “Mama yako hapana ambia.” Boti alimwachia yule mama wa mukene, na nyumbani alisema mbao zimeingiwa na maji. Joeli alilia siku nzima kwa kunyimwa zamu yake.

Sasa mimi ni mkunga, na naishi Jinja hiyo hiyo. Jumapili naona vijana wamevaa majaketi ya kuokolea ya rangi ya chungwa wakipelekwa ziwani, muziki ukiwa juu, wanapiga kelele za woga kwa raha zao, na wanalipia. Sijapanda chombo cha majini tangu siku ile. Binti yangu akiogopa sindano hutangaza mtaa mzima usikie, na mimi humwacha atangaze. Kwetu woga ulimezwa pamoja na chakula chenye gundi, kila mtu kwa upande wake wa meza, na hatukuulizana.

Pasaka iliyopita tulikutana Mbale. Joeli, ambaye sasa ana mtoto wa kike wa umri niliokuwa nao mimi, alitoa simu akatuonyesha michoro ya boti anayotaka kumjengea. Akarudia lawama yake ya kila mwaka, kwamba nilimwibia zamu. Kisha akamgeukia Baba na kumuuliza jinsi tulivyokuwa tukiligeuza tanga upepo ukiwa mkali.

Baba aliweka chini kipande cha kuku. “Uliza dada yako. Siku ile mimi nilikuwa abiria.”

Joeli alicheka.

“Hapana cheka,” akasema Baba. “Niliogopa mpaka mdomo ilikataa. Huyu ndiye alinirudisha.”

“Alikurudisha kutoka wapi?” akauliza Mama.

Baba akasogeza sahani pembeni akaanza kumweleza, na mimi nikakaa kusikiliza, kwa sababu upande wake sikuwa nimewahi kuusikia.