Kilo Nilizoandika Bila Kupima

Mama yule aliletwa hospitalini kwetu na binti yake kwa pikipiki kutoka Mugunga, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Walikuwa wamekimbia vilima vya Masisi, wakapanga chumba huko. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, maji yakajaa mwilini. Usingizi alioupata ni wa kuketi, maana akilala chali pumzi ilikatika.

Daktari wetu, mwanamke wa Butembo asiye na maneno mengi, aliniagiza mimi muuguzi: "Umupime kilo kila asubuhi, mbele ya kunywa chai. Kama maji inapunguka, kilo itatuambia."

Mizani ilikuwa moja tu, upande wa akina mama wanaojifungua, na kiti cha magurudumu kilikuwa na tairi bovu. Wiki ile vitanda vilijaa, wengine wamelala kwenye mikeka. Lakini siwezi kujificha nyuma ya wingi huo. Siku ya kwanza nilimpima: sitini na nane. Siku ya pili nilisimama miguuni pa kitanda, nikamtazama, nikaandika sitini na saba. Kesho yake sitini na tano. Nikaendelea kushusha taratibu, kama mtu anayeijua kazi yake, hadi sitini na moja. Daktari alisoma fishi, karatasi ya mgonjwa, akaona pumzi imetulia, akaridhika. Akapunguza vidonge vya kutoa maji na kumruhusu aende nyumbani.

Siku ya tano baada ya kwenda nyumbani alirudi, midomo imebadilika rangi. Safari hii daktari mwenyewe alisimama kando tulipompandisha kwenye mizani. Sabini.

"Kilo tisa kwa siku tano! Mama, umekula chumvi? Si nilikukataza?"

Waliokuwa pale wote waligeuka. Mama akainamisha kichwa. "Munisamehe, dokta. Pengine ni ile mboga ya sombe ya jirani."

Nilikuwa nimemshika mkono asianguke. Nikatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa mkaidi. Nimefanya makosa mengi katika kazi hii, lakini kile kichwa nilichokitikisa ndicho kinachonichoma.

Mchana, sindano zilipomletea nafuu, nilikwenda kitandani kwake. Nilitaka kuanza kwa mbali, nikashindwa.

"Mama, si chumvi yako. Zile kilo niliziandika tu. Sikukupima."

Alinitazama bila hasira. "Ninajua hamukunipandisha kwa mizani, papa muganga. Niliona unaniangalia, kisha unaandika. Nikasema mu roho yangu: hawa batu wamesoma, wanapimaka mutu na macho."

Binti yake alikuwa anamenya chungwa. Aliliweka chini, akatoka nje.

Nilimfuata daktari, nikamweleza yote. Nilitegemea anifokee. Alivua miwani, akasema, "Nimemutukana mama ya watu mbele ya watu." Akaenda moja kwa moja wodini kumwomba mama msamaha, kwa sauti ileile aliyomkemea nayo, ili wote wasikie. Kesho yake, katika mkutano wa asubuhi, nilisimama mbele ya wenzangu nikasema nilichofanya. Hakuna aliyenicheka. Wawili walitazama sakafu, nikaelewa kwamba sikuwa peke yangu. Hilo halikunipunguzia kitu.

Mizani ya pili ilipatikana, ikawekwa mlangoni petu. Tulianza kumpa kila mgonjwa wa moyo daftari lake, yeye au ndugu yake aandike kilo mwenyewe, na tukawafundisha: zikipanda mbili kwa siku chache, urudi haraka, usingoje pumzi ikatike. Kwa miezi kadhaa daktari aliwapima tena wagonjwa wangu baada yangu. Sikulalamika.

Mama alirudi Mugunga na miguu myembamba, na bado anakuja kila mwezi. Binti yake hunisalimu kwa heshima, lakini daftari hanipi mkononi. Hulifungua mwenyewe, akalishika nikisoma.

Kabla yake walikuwepo wagonjwa wengine. Namkumbuka mzee mmoja wa Ndosho, fundi wa viatu, ambaye kilo zake pia nilizishusha kwa kalamu. Siku aliyopangiwa kurudi ilifika, hakuonekana. Sikumtuma mtu kuuliza kama bado yu hai.