Kiongozi wa Kilimanjaro

Ambilikile, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, mkazi wa Irving huko Marekani, alikuwa na uongo mmoja tu maishani, ila aliulisha vizuri ukanenepa. Kila Mmarekani akisikia Tanzania humuuliza habari za Kilimanjaro. Mwaka wa kwanza alieleza kwa subira kwamba yeye ni wa Tukuyu, kwamba mlima huo aliuona mara moja tu kupitia dirisha la basi, tena umejifunika mawingu. Mwaka wa pili akachoka, akasema ameupanda. Mwaka wa tatu akafika kileleni mara mbili. Na mlima Rungwe, ulio nyuma ya nyumba ya kwao Tukuyu, hajaukanyaga hadi leo!

Basi Watanzania wenzake wa kanisani walipopanga safari ya kupanda mlima Colorado wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, kiongozi nani kama si yeye?

"Waambie ukweli," alisema mkewe, Yasinta.

"Nitawaambia," akajibu, akaenda kununua fimbo ya kupandia.

Mwanzoni mwa njia palikuwa na ubao wa tahadhari, naye akawasomea kwa sauti ya kitaalamu. Theluji ya Oktoba imelala chini, imelegea kama sukari. Juu yake upepo umerundika nyingine nzito. Miteremko mikali isikanyagwe, inaweza kuporomoka.

Wakatazama. Theluji yenyewe haikufika goti, majani yamechomoza.

"Hii ndiyo ya kutuua?" Humphrey, fundi umeme kutoka mji wa DeSoto, akacheka. "Kaka, wewe ndiye mzoefu. Unasemaje?"

Mzoefu akasema twendeni. Jamani, binadamu na sifa!

Saa moja baadaye njia ilikata mteremko mkali. Ambilikile akatangulia. Hatua ya kumi, chini ya miguu yake theluji ikatitia, ikalia *vuum*, na ufa ukakimbia kutoka kwenye buti lake kwenda juu. Akageuka, akamwona Humphrey tayari anamfuata.

"Rudi!"

"Anatupima huyu," Humphrey akawaambia walio nyuma, akaongeza hatua.

"Sijawahi kupanda Kilimanjaro! Hata geti lake silijui! Mimi muongo, Humphrey, rudi ulikopita!"

Wote wakaangua kicheko. Wakausifu unyenyekevu wake.

"Ni kweli," Yasinta akapaza sauti kutoka nyuma ya msafara. "Nyumbani akipanda ngazi za ghorofa ya pili, anapumzika katikati."

Hapo wakamwamini mara moja, na hilo nalo likamuuma. Humphrey akarudi taratibu. Ambilikile akafuata, akihesabu nyayo zake mwenyewe na kumwomba Mungu, hadi wote wakafika kwenye miti, mahali tambarare.

Alijiandaa kutukanwa. Hakuna aliyetukana. Humphrey alikaa juu ya gogo, akavua glavu.

"Asubuhi kwenye simu mke wangu Natalia hakutaka nipande," alisema. "Mtoto ana miezi mitatu. Nikamwambia asiogope, niko na wewe, mzoefu wa Kilimanjaro."