Shikamoo ya Bwawani

Mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii mbele ya wageni, lakini nyie si wageni, na aibu yenyewe imeshatembea kutoka Kahama mpaka Nyarugusu, bora muisikie kwangu: mimi ndiye mwanamume aliyekatiza uchi kwenye baraza la hoteli siku moja kabla ya posa yake.

Ule mji mdogo wa chemchemi una barabara moja na hoteli tatu kongwe za mawe, zilijengwa na Wagiriki wa biashara ya pamba, mabati yameshika kutu, ila kila moja ina bwawa la ndani la maji ya moto yenye chumvichumvi, na wagonjwa wa magoti wanatoka mbali kuyafuata. Mama yake Kabula, huyu mke wangu, alikuwa huko wiki nzima na magoti yake, basi wakasema posa tuilete hukohuko. Mimi na baba mdogo tukapanga hoteli ya ng'ambo ya barabara makusudi, maana kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hampi mkono, sembuse kulala naye jengo moja (vyumba tofauti, msinicheke).

Milango ya mabwawa yale haina kitasa. Utaratibu ni viatu: ukikuta vya kiume mlangoni, ndani kuna wanaume, vya kike, wanawake, usipokuta kitu, ingia. Ni hivyo tangu enzi za mababu na hakuna aliyepata shida. Sasa mimi nilikuwa na raba nyeupe mpya za posa, na mtu wa machimboni (nasaga mawe ya dhahabu kwa karasha) haachi viatu vipya nje. Nikaingia navyo.

Nguo nikatundika karibu na mlango, raba nikaweka ukingoni karibu na kichwa, nikajilaza kona ya mbali ndani ya mvuke mzito, usingizi ukanipitia. Nilizinduliwa na mtu anashuka ngazi akiguna, "Eee, magoti haya!" Sauti ya mama mtu mzima (kumbe bwawa la hoteli yao lilikuwa linasafishwa). Simwoni, hanioni, ningenyamaza angemaliza akaenda zake. Ila akakohoa, na mimi nimelelewa, mdomo ukatangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Kisha ndipo tukafikiria, wote wawili.

Akapiga yowe. Nguo ziko upande wake, kwa hiyo nikanyakua raba, nikatoka mlango wa nyuma nikidhani unakwenda vyumbani, kumbe unatokea barazani, na pale baba mdogo alikuwa anakunywa chai na mjomba wake Kabula, aliyemsindikiza dada yake kuja kuoga. Nikapita mbele yao. Sikuwaamkia.

"Yule ni nani?" mjomba akauliza.

"Simjui," akasema baba mdogo, akaongeza sukari.

"Na aliyepiga yowe ni dada yangu," mjomba akasema, akaweka kikombe chini.

Asubuhi nilitaka turudi zetu. Nasema kweli, niliogopa: Kabula nilimngoja miaka mitatu, na sasa nampoteza kwa ajili ya viatu. Baba mdogo akakataa. "Mkosaji hakimbii. Anakaa afukuzwe."

Tukaenda hotelini kwao, nikakaa mkekani nimeinamisha kichwa. Mjomba akawaeleza wazee wao waliokuja kwa posa yote, bila kuruka hata hatua moja, akamaliza kwa kusema kwamba upande wao wamefunga mjadala. Nilimsikia Kabula analia ukumbini, na mimi machozi yalikuwa karibu. Ndipo mama yake akasema kutoka chumba cha ndani:

"Aliyekuwepo ni mimi, si ninyi. Kijana anayeniamkia akiwa hana nguo, akishavaa atanikosea adabu lini? Mpokeeni."

Wakanipokea. Tuna watoto wawili sasa. Mama mkwe akija kwetu tunasalimiana kupitia ukutani, yeye jikoni, mimi uani, kwa adabu zote. Maji ya chemchemi nimeyaachia wenye magoti. Naoga kwa ndoo bafuni kwangu, komeo nimelifunga, na naimba kwa sauti kubwa mwanzo mpaka mwisho, na majirani wanajua kwamba sauti sina.