Mchikichi Uliopinda Nyuma ya Mpunga

Mimi ni wa Muheza, na mtu wa Muheza ukimwambia asipande mchungwa umemwambia asiwe mtu. Kigoma, nilikokuwa nikiuza vitenge na nilikompata mume wangu, jambo hilo sikuwa na haja ya kulieleza. Nililazimika kulieleza huku kwao Kabambare, upande wa Wamaza, tulikohamia baba mkwe alipofariki na mama mkwe akabaki peke yake na mashamba.

Blogu niliianza mwaka wa kwanza, kwa upweke na kwa ubishi. Upweke kwa sababu wanawake wenzangu mazungumzo yakikolea wanahamia Kibangubangu, nami nabaki natabasamu. Ubishi kwa sababu kila niliyemwambia nakwenda kulima Kongo alinitazama kama ninaaga dunia. Nikasema hawa nitawaandikia, wajue tunaamka, tunalima, tunakula na tunagombana kama wao.

Nikaandika juu ya mpunga wa huku, usiotaka maji ya kusimama, unaopandwa mlimani pamoja na mihogo katikati yake. Nikaeleza kwamba nilikuja na mundu wangu kwa fahari, nikakuta mundu hauna kazi, maana ukiupitisha chini unafyeka na mihogo michanga. Unavuna suke moja moja kwa kisu kidogo huku mgongo unakusema. Nikaandika juu ya sombe, ndiyo kisamvu cha huku, juu ya bei ya sabuni, juu ya mwendesha pikipiki aliyembeba mbuzi wetu mbele na mama mkwe nyuma, na mbuzi peke yake ndiye aliyefika bila kulalamika.

Wasomaji walikuja polepole. Mmoja wa Mombasa aliniuliza kama risasi zinasikika ninapoandika. Nikamjibu kinachosikika ni kinu cha jirani. Mwingine aliuliza kama ni kweli tunalala juu ya dhahabu. Nikamwambia dhahabu wanaitafuta Lusangi. Mimi natafuta magugu, na ninayapata. Walicheka, wakarudi, wakawaita wenzao. Kuna dada mmoja wa Bukoba alikuwa akinisalimu kila wiki kama jirani aliyepita uani, na nikikaa kimya anauliza kama nimeumwa.

Majibu yao niliyapata kwenye kichuguu. Rezo, yaani mtandao wa simu, kwetu haifiki bondeni. Unapanda kilima kilicho nyuma ya shule, na hata huko juu inashika vizuri mahali pamoja tu, kwenye kichuguu kikubwa ambacho watu wamekisawazisha kwa miguu. Utakuta foleni pale. Anayeongea na shemeji yake, anayesubiri habari ya mgonjwa Kasongo, na mimi na maandishi yangu ya kupalilia mpunga. Walinizoea.

Mwaka uliopita niliagiza miche ya michungwa kutoka Kasongo. Ilikuja juu ya pikipiki, ndani ya kitunga, kila mche katika mkebe wa maziwa. Barabara ile inajulikana, kwa hiyo baadhi ilifika imevunjika shingo, lakini iliyobaki ilikuwa mizima na nikaipanga kando ya jiko. Mahali pa kuipanda nilikuwa nimeshapachagua zamani: nyuma ya mpunga wetu, karibu na mstari wa michikichi ya zamani, palipo na udongo mweusi wenye unyevu. Nikachukua jembe. Mama mkwe akanisimamisha kwenye njia.

“Mupunga, panda. Karanga, panda. Muti, hapana.”

“Kwa nini, mama?”

“Muti unakaaka.”

Akaendelea na safari yake ya kisimani. Nikaenda kwa mume wangu, ambaye ni mtu mwema na mwoga wa mama yake. Akanieleza kwamba huku mpunga ukivunwa umekwisha, hausemi lolote kuhusu mtu. Mti ni shahidi. Ardhi ni ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda na wa watoto wake, na palipo na mti wake hakuna wa kumwondoa. Ndiyo maana mgeni haanzi tu kupanda.

“Na mimi ni mgeni?” nikamuuliza. Mtoto wetu wa pili nimemzalia huku, kwenye chumba kile kile alichozaliwa yeye.

Akaona baiskeli yake inahitaji kurekebishwa, akaenda kuirekebisha.

Iliniuma, sikufichi. Miaka yote ile kumbe nilikuwa nalima kama mtu anayengoja basi. Nikapiga picha: mikebe mbele, mpunga katikati, michikichi nyuma, mmoja wao umepinda chini kama goti kisha ukanyooka kwenda juu. Nikaandika kwa hasira kwamba mimi mwanamke wa Muheza nitapanda michungwa yangu katika nchi hii, na atakayeishi ataona. Nikapanda kilima nikaituma.

Wasomaji waligawanyika. Wa Tanga walisema fungasha miche yako urudi. Mzee mmoja wa Mwanza alisema heshimu wakwe. Yule dada wa Bukoba alishauri ningoje mama mkwe aende msibani, nipande yote, akirudi akute majani. Ushauri huo niliupenda. Nilishaanza kuangalia ni nani mgonjwa.

Kabla hajafa mtu, ukaja ujumbe kutoka kwa msomaji wa kike ambaye hakuwahi kuandika, anayeuita mchikichi ngazi kama watu wa huku.

“Yaya, dada yangu, salamu. Ile ngazi yenye kupinda nyuma ya mupunga wako, ni baba yangu aliipandaka. Ilipinda sababu sisi watoto tulikuwa tunaikaliaka wakati ilikuwa ingali fupi. Ule musitari wote ni wake. Mama yangu angali muzima, niko naye huku kambini ya wakimbizi, upande wa Kigoma, ngambo ya ziwa. Nimemuonesha foto, amelia. Sasa anauliza ni nani anakataka mikungu ya zile ngazi.”

Niliusoma nimesimama juu ya kichuguu, na nyuma yangu kijana mmoja akaniambia mama, kama umemaliza, wengine tuko na haraka. Nikashuka bila kujibu. Njiani nilifikiria mafuta yetu. Nilikuwa nimeyasifu mara nyingi mbele ya wasomaji, jinsi yalivyo mekundu, jinsi wali wake unavyonukia. Yote yalitoka kwenye ule mstari.

Mama mkwe alikuwa uani anachambua karanga. Nikamwambia kwamba ng'ambo ya ziwa kuna mwanamke anasema mchikichi uliopinda ni wa baba yake. Mikono yake ikasimama.

“Mama yake angali muzima?”

“Mzima. Wako kambini.”

Ndipo akaniambia yale ambayo hakuwahi kuniambia. Walikuwa majirani, yeye na mama huyo, tangu walipoolewa. Zilipokuja siku mbaya za vita, jirani yake aliondoka asubuhi na watoto na vile vinavyobebwa kichwani, na akapita kwake kuaga. Akamwachia michikichi. Masharti yalikuwa mafupi: asafishe chini ili pori lisiimeze, ale mafuta, na asiruhusu mtu kupanda kitu chenye kukaa. Mzee wa ukoo alikuwepo akasikia, naye ameshakufa.

“Sasa mbona hukuniambia, mama? Nilidhani unanikataa mimi.”

“Ungeandika,” akasema. “Unaandikaka kila kitu. Watu wakijua mwenye kupanda haiko, kesho uko na wenyewe kumi pale.”

Nikachukua ungo mwingine nikamsaidia karanga. Lakini mimi nikishashika jambo siliachi, na kichwani nilikuwa nimeshapanga: ikiwa ardhi ile si ya mama mkwe kunipa, basi nitamwomba mwenyewe. Kesho yake nikarudi kileleni, mvua ikanikuta katikati, nikaikinga simu kifuani nikaendelea kupanda. Nikamwandikia yule msomaji kila kitu. Nani anakata ngazi, nani anasafisha chini, kwamba mama mkwe wangu ametimiza neno lake. Mwishoni nikaomba: ninayo miche ya michungwa, naomba mama aniruhusu niipande kando ya michikichi yake, nitaitunza yote pamoja.

Kwenye blogu sikuandika neno. Wasomaji wakaanza kuuliza kama nimefariki au nimefukuzwa. Dada wa Bukoba aliuliza msiba ulikuwa wa nani. Ilinitesa, maana nilikuwa na habari tamu kuliko zote nilizowahi kuwaandikia na nimeikalia.

Jibu lilikuja kwa sauti. Nililibeba kwenye simu hadi nyumbani, nikamwambia mama mkwe jirani yake amezungumza. Akasema nisubiri. Akaenda kuoga, akavaa kitenge chake cha sikukuu, akaketi kwenye kiti badala ya mkeka. Ndipo nikabonyeza.

Sauti ya yule bibi ilianza kwa Kibangubangu, na salamu zake zilikuwa ndefu. Kila akiuliza, mama mkwe alijibu. Nikamwambia mama, hakusikii, hii imerekodiwa. Akanitazama kwa huruma, akajibu tena. Ikabidi niwe nikisimamisha sauti kila baada ya sentensi ili apate nafasi ya kujibu vizuri, na tukaenda hivyo, mmoja kambini na mwingine uani, hadi waliokufa wote wakatajwa. Mama mkwe alilia akitabasamu. Kisha yule bibi akahamia Kiswahili kwa ajili yangu.

“Mutoto, nimesikia uko na michungwa. Aksanti ya kuuliza. Hapana. Pale usipande. Pale ni pa wajukuu wangu. Huku ata pa kupanda kitunguu tunaonyeshwaka na mutu. Kama unapanda pale, siku nitarudi nitakuta nini? Mafuta mukule. Chini musafishe. Mungu awalinde.”

Ikaisha. Niliibonyeza tena nikidhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Nilikasirika, kwanza. Nilipanda kilima na mvua kwa ajili ya hapana? Nikaenda nikakaa karibu na mikebe yangu na hasira yangu. Lakini kadiri nilivyomsikia kichwani yule bibi, sauti yake haikuwa ya mtu mchoyo. Ilikuwa sauti ya mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Huko aliko anapangiwa maji, anapangiwa unga, anaonyeshwa pa kulala. Kwenye kipande kile cha udongo mweusi bado anaweza kukataa, na mtu wa mbali akalazimika kutii. Nikaona kwamba mimi ndiye mtu huyo, na nitatii. Nikamjibu neno moja, sawa, na nikapanga kuipeleka miche shuleni waipande uwanjani.

Asubuhi iliyofuata nikasikia jembe nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Nyuma ya nyumba yake kuna kaburi la baba mkwe, na kando yake uwanja anaoufagia mwenyewe ambao hata kuku wake wanaukwepa. Nikamkuta ameinama anachimba. Mashimo mawili alishayamaliza, la tatu lilikuwa linaendelea.

“Leta mikebe,” akasema bila kuinuka.

Badala ya kushukuru, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba mashimo yamekaribiana mno, mchungwa unataka nafasi, kwetu Muheza tunaacha hatua kadhaa katikati.

“Unabishaka ata na shimo,” akasema. Akalifukia la pili, akalichimba upya mbele zaidi. Tulipokuwa tunashindilia udongo wa mche wa kwanza, nikamuuliza kwa nini leo. Akamalizia kushindilia kwanza.

“Nilikuwa nangoja kuona utafanya nini na ile hapana.”

Mume wangu alikuja akaona, akarudi kwenye baiskeli yake akipiga mluzi. Mimi nililia pale pale, mikono ina udongo, na mama mkwe akajifanya anatafuta maji ya kumwagilia.

Habari hii nimeiandika baada ya kuwaomba ruhusa wote wawili. Mama mkwe alisema niandike, lakini nisitaje jina la mtu wala njia ya kufika. Yule bibi alisema hivyo hivyo, bila wao kushauriana, na ndiyo maana msomaji wangu hapati jina la mtu yeyote hapa na hatalipata. Wa Bukoba amekubali, kwa shida.

Siku hizi kila nikipanda kwenye kichuguu ninamtumia binti wa yule bibi picha ya mchikichi uliopinda. Ninaupiga ukiwa umesafishwa chini, nimehakikisha mwenyewe kwa jembe langu, na mpunga haukaribii shina. Naye hujibu kwamba mama ameona. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hilo tu.

Juzi ikaja sauti tena. Nikaishusha nyumbani, mama mkwe akaoga, akavaa kitenge, akaketi kwenye kiti. Salamu, wagonjwa, ndoa, mvua. Mwisho kabisa yule bibi akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikose:

“Na ile michungwa ya mutoto, ilishika?”

Nilikuwa bado natafuta kitufe cha kurekodi wakati mama mkwe aliponinyang'anya simu, akaiweka karibu na mdomo.

“Imeshika,” akasema.

Nikamwambia mama, subiri, haijaanza kurekodi. Nikabonyeza, nikamwashiria. Akageukia upande wa ziwa, tusiloweza kuliona kutoka kwetu, akarudia kwa sauti kubwa zaidi ili ifike.

“Imeshika.”