Kigelegele cha Mama na Jemadari wa Wetherill Park

Juzi mfuniko wa sufuria uliniponyoka ukaangukia vigae vya jikoni. Ulizunguka, ukalia, ukakataa kunyamaza, nami nikasimama pale na kitambaa cha vyombo begani nikiwa na miaka kumi na mmoja tena. Sauti ile ya bati juu ya vigae ndiyo sauti ya matoazi ya opera ya Kichina, hasa yale ya mwanzo, kabla mtu yeyote hajatoka jukwaani. Msicheke. Wanaoijua wataniunga mkono, na wasioijua nitawaeleza, kwa sababu hata mimi nilielezwa.

Wakati huo tuliishi huku ughaibuni, kitongoji cha St Marys, mimi na Mama, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye zulia lililonusa mvua mwaka mzima. Mama alikuja kutoka Tanga akiwa amenibeba. Alipata kazi kwenye ghala moja Wetherill Park, akipakia mboga za barafu kwenye maboksi ndani ya chumba baridi, na mwenzake wa meza moja alikuwa mwanamke wa Kichina aliyevuka miaka sitini, mfupi, mkimya, mwenye kofia ya sufu iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Mama alimwita Bi Fong. Hakuna kati yao aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha, lakini kwa miaka minne walikuwa wamehadithiana habari za watoto, magoti na wasimamizi, na sijui walielewana vipi. Bi Fong alipokuja kwetu alikaa ukingoni mwa kochi kama anayeogopa kulichosha. Nilimwona mtu wa kawaida kabisa, na kusema kweli sikumtazama mara mbili.

Siku moja Mama akarudi na karatasi ya njano. Bi Fong alikuwa na wazee wenzake waliokutana kila Jumapili kuimba opera za kwao, na sasa walikuwa wameandaa onyesho la mchana kwa watu ambao hawajawahi kuiona opera hiyo hata siku moja.

“Na Bi Fong anaimba,” Mama akasema.

“Sings what?” Nilimjibu Mama kwa Kiingereza siku zile, hata aliponiuliza kama nimekula. Kiswahili hiki mnachokisoma nilikirudia ukubwani, kwa jasho.

“Sijui. Amesema yeye ni jemadari.”

Gari letu lilikuwa bovu, kwa hiyo tulipelekwa na Mama Kevin, jirani yetu Mkenya, nesi, mwenye gari dogo lililojaa viatu. “Mimi nimetoka night shift,” alituonya. “Nikilala mniamshe kukiwa na food.”

Ukumbi ulikuwa wa kawaida, viti vya plastiki na mashine ya kuchemshia maji. Wageni tuliofika mapema tuliruhusiwa kuingia nyuma ya jukwaa kuona nyuso zikipakwa rangi. Bi Fong alikuwa ameketi mbele ya kioo bila kofia yake ya sufu. Mwanamke mmoja alimpaka weupe uso mzima, kisha wekundu kuzunguka macho mpaka juu kwenye nyusi, akaufuta ukingo kwa kidole taratibu mpaka rangi mbili zisijulikane zinakutania wapi. Halafu wakamfunga utepe kichwani, wakaukaza kwelikweli, na macho ya Bi Fong yakavutwa juu yakawa ya mtu mwingine. Wakamvika joho lililodariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Wakamfunga bendera nne mgongoni. Mwishoni ikaja kofia ya vito vinavyotetemeka, yenye manyoya mawili ya ndege, kila moja refu kunizidi mimi.

Bi Fong akasimama. Buti zake zilikuwa na soli nene kama matofali, lakini hazikuwa buti tu. Shingo yake ilikuwa imebadilika. Aligeuka akanitazama kutoka juu, na mimi, ambaye sikuwa nimetamka neno la Kiswahili kwa miezi, nikasikia mdomo wangu ukisema, “Shikamoo.”

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Fong hakucheka, maana rangi ilikuwa haijakauka, lakini aliinamisha kichwa kidogo na yale manyoya yakapita hewani juu ya nywele zangu.

Kabla ya kuanza, alitoka mbele ya pazia kutueleza sisi wageni. Aliinua fimbo fupi yenye vishada. “This one, horse,” akasema.

“Horse iko wapi?” Mama Kevin akaninong’oneza.

Bi Fong akashika hatamu isiyokuwepo, akainua mguu, akakaa, na naapa mbele yenu nilimwona yule farasi akisogea pembeni kwa woga. Meza, akasema, ni mlima. Kuzunguka jukwaa mara moja ni safari ya maili elfu. Uso mwekundu ni mtu mwaminifu. Mweupe mtupu kama wa yule mwigizaji pale pembeni, usimkopeshe hata kijiko. Kisha akatunyooshea kidole sote. “You like, you shout. Don’t wait finish. Wait finish, too late.”

Nilidhani anatania. Shuleni kwetu tulifundishwa kukaa juu ya viganja vyetu mpaka kitu kiishe, kisha kupiga makofi kwa kiasi.

Matoazi yakalia, upatu ukajibu, na fidla ya nyuzi mbili ikaanza kunung’unika chinichini. Sina namna nzuri ya kuwaeleza kilichofuata. Bi Fong aliyenyamaza mbele ya wasimamizi alitoka akitembea kama ardhi ni mali yake, akasimama, akatoa sauti nyembamba, ndefu, iliyopinda katikati na kupanda tena mahali ambapo sikujua sauti huwa inafika. Mama Kevin hakulala. “Huyu anaimba ama analia?” aliuliza, kisha akajijibu mwenyewe, “Yote mawili,” akafunga mfuko wake wa karanga asijisumbue tena na kula.

Na hapo katikati ya wimbo, mzee wa sweta ya kijivu aliyeketi kando yangu akapaza sauti: “Hou!” Niliruka. Wazee wengine wakaitikia, huku na kule, “Hou! Hou!” Nilimtazama kwa hofu, nikingoja atolewe nje. “Good,” akanieleza kwa upole. “I say her: good.”

Nikahisi Mama akinigeukia. Alikuwa ameegemea mbele, kiganja kimeshakaribia mdomo, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu. Ndipo nikakumbuka.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, nilipewa cheti cha kusoma vizuri mbele ya shule nzima. Mama alitoka kazini moja kwa moja, na koti lake la reflekta, akasimama ukutani. Nilipopeana mkono na mwalimu mkuu, akapiga kigelegele. Kigelegele cha Tanga, kile cha bibi harusi kuingia. Vichwa mia tatu viligeuka. Muhula mzima wenzangu walinipigia uwanjani, vibaya, wakichezesha ndimi na kuanguka kwa kicheko. Siku ile ile garini nililia nikamwambia, “Never do that again, Mum. Promise.” Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. “Haya, mwanangu,” akasema. “Nimeahidi.” Mimi nilipofika nyumbani nilikula nikalala, na baada ya muhula kuisha hata sikuikumbuka ahadi yenyewe.

Sasa alikuwa ananiomba ruhusa. Na mimi, pamoja na wazee wote wale kupaza sauti, niliiona shule nzima ikigeuka. Nikatikisa kichwa. Mama akashusha mkono, akauweka mapajani juu ya mwenzake, akaendelea kutazama.

Wakati wa mapumziko tuligawiwa chai na vipande vya machungwa, kisha tukaenda nyuma kumsalimia. Bi Fong alikuwa anakunywa maji kwa mrija asiharibu mdomo, na jasho lilikuwa limemlowesha shingo chini ya rangi. Akamtazama Mama.

“I no hear you,” akasema.

Mama akacheka kidogo.

“Three years ago, my grandson born. In cold room, you make that sound. Everybody drop box!” Alinyanyua mikono kuonyesha maboksi yanavyodondoka. “I tell my group, I have friend, she shout better than all of you. Today I wait. I listen, listen. Nothing.”

Nilijua kinachokuja. Mama angesema, mwanangu amenikataza, na jemadari angenigeukia na yale macho. Nilishika ukingo wa meza ya rangi.

“Sore throat, Bi Fong,” Mama akasema, akijigusa koo. “Sorry, sister. Very sore.”

Hakukohoa hata kidogo siku ile. Alimdanganya rafiki yake, usoni, ili kunifichia mimi. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote niliyoikumbuka.

Sehemu ya pili ilikuwa ya mpakani, kwenye theluji. Theluji yenyewe haikuwepo. Jemadari alijikunja tu, akapangusa bega, na ukumbi mzima ukapata baridi. Mjumbe akaleta barua kwamba mama yake amefariki. Askari wanamtazama, kwa hiyo haruhusiwi kulia, na mzee wa sweta alininong’oneza yote haya kwa maneno manne au matano. Vyombo vyote vikanyamaza, ikabaki fidla. Bi Fong aliimba akiwa amesimama wima, na kitu pekee kilichotetemeka ni ncha za manyoya yale. Sikuelewa neno hata moja, na machozi yalikuwa yananidondokea kwenye magoti. Mama alikuwa akilia pia, kimya, mikono mapajani. Hakunigeukia tena.

Kwenye msiba hapigi mtu kigelegele, hata mimi nilijua hilo. Lakini jemadari akaikunja barua. Akaiweka kifuani. Akainua fimbo ya vishada, akampanda farasi wake, akayashika manyoya yote mawili na kuyapinda mpaka mbele ya kifua, na matoazi yakalipuka. Sauti ikaanza kupanda. Ikapita pale ilipofika mwanzo, ikaendelea, na nikajua kwamba baada ya hapo wimbo utaisha na itakuwa tumechelewa.

Nikafungua mdomo. Sikuwahi kupiga kigelegele maishani mwangu. Kilitoka kama kuku anayekabwa, kikakatika, nikakidaka tena. Vichwa vikageuka, ndiyo, safu nzima ya mbele. Yule mzee wa sweta akanitumbulia macho, kisha akanielekezea kidole na kupaza sauti kwa nguvu zote: “Hou!”

Na hapo Mama akapiga chake. Aliinuka kitini kabisa. Kikapanda juu ya upatu, kikakutana na ile sauti ya jukwaani hewani, zikakaa pamoja, na Mama Kevin naye akadakia kwa upande wake akipunga karatasi ya njano. Bi Fong hakupepesa jicho, jemadari hapepesi. Alizunguka jukwaa kwa hatua zake ndogo za haraka, akafika ukingoni pa kutokea, akasita, akazunguka tena.

“Extra,” mzee akasema kwa mshangao. “One thousand mile, extra.”

Kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hii kama ya ushujaa wangu. Nilimpa mama yangu ruhusa mbele ya umati, nikapigiwa “Hou”. Nimeisimulia kwenye karamu, na kazini kwangu Parramatta, na watu huipenda.

Kisha mwaka juzi mama mdogo akaja na video ya harusi yake, iliyokuwa imepotea muda mrefu. Aliolewa hapa hapa, Blacktown, miezi minane kabla ya onyesho la Bi Fong. Tuliketi watatu tukizicheka nywele zetu. Bibi harusi anatoka mlangoni mwa kanisa, na wanawake wote wanalipuka, vichwa nyuma, viganja midomoni, na kamera inapita uso kwa uso. Inafika kwa Mama. Amevaa sare ya kitenge kama wenzake, anapunga leso juu, machozi yanamtiririka, na mdomo ameufunga.

Nikairudisha nyuma, nikatazama tena.

“Mama, mbona hapa hupigi?”

Aliangalia runinga kidogo, kama anayemtafuta mtu aliyemfahamu zamani. “Si uliniambia nisipige tena.”

“Nilimaanisha shuleni, Mama. Shuleni tu.”

“Aa,” akasema. Akafikiri. “Hukusema shuleni. Na mimi nilishaahidi.”

Akanyanyuka kwenda kuinjika chai. Mimi siku ile ya cheti nilikuwa mtoto mwenye hasira, nililitoa neno nikalisahau muhula ulipoisha, na mtu mzima akalichukua kama lilivyo, akaenda nalo kazini, akaenda nalo kanisani, akaenda nalo mpaka mlangoni pale. Nami nilikuwa harusini, nimevaa gauni jeupe, nimebeba maua, na sikugundua kitu. Mama mdogo ndiye ndugu yake wa pekee, na ameolewa mara moja tu.